Nisomee ubingwa wa magonjwa ya kuambukiza, au nitajuta?

ZamuYaUsiku ameuliza:

Habari za kazi, wakuu.

Niko mwaka wa mwisho wa ubingwa wa magonjwa ya ndani, na maombi ya ubingwa bobezi yanafungwa mwezi ujao. Wenzangu wameshajipanga. Wawili wanaenda moyo, mmoja figo, mmoja mfumo wa chakula kwa sababu, kwa maneno yake, "kule kuna kamera ya kuchungulia tumbo, na mwenye kamera halali njaa". Mimi nimeng'ang'ania magonjwa ya kuambukiza na kila ninayemwambia anacheka. Jana mmoja kaniuliza: "Sasa wewe utakuwa unafanya nini hasa? Antibaiotiki si kila mtu anaandika?" Nikakosa jibu.

Kilichonivuta ni hiki. Mwaka jana tulikuwa na mgonjwa, baba wa makamo, homa wiki tatu, kapita wadi mbili, dawa tano tofauti zimeshaingia mwilini mwake. Faili nene kama tofali. Tukaomba ushauri wa bingwa wa maambukizi. Mimi nilitegemea aje na jina la kipimo ambacho hatukukifikiria. Akaja, akavuta stuli, akakaa, akaanza kumuuliza yule baba maswali. Unafanya kazi gani, unafuga nini, ulisafiri lini, jino uling'oa lini, nani nyumbani anakohoa. Dakika 40, nilihesabu kwa sababu nilikuwa nimechoka kusimama. Kisha akafungua chati ya dawa na chati ya joto, akaziweka sambamba, akatazama muda mrefu bila kusema kitu. Aliandika mistari minne tu, miwili ikiwa "acha dawa hii". Siku ya tatu homa ikakata. Ugonjwa wa kwanza ulishapona zamani, homa iliyobaki ililetwa na dawa zetu wenyewe.

Tangu siku ile nataka kuwa yule mtu wa kwenye stuli.

Naomba walio ndani ya fani waniambie ukweli: mafunzo yenyewe yakoje siku kwa siku? Ni kitu gani mnachojua ambacho mtu wa magonjwa ya ndani hakijui? Na mama yangu anaogopa nitaleta ugonjwa nyumbani, nimjibu nini?

---

NilihamiaMoyo:

Mimi nilianza hiyo fani, nikakaa mwaka mmoja, nikahama. Usiambiwe ya upande mmoja tu.

Unaitwa mwisho, wakati kila mtu ameshachovya mkono. Unaandika ushauri kurasa mbili, timu inasoma mstari wa chini kabisa. Unatoka umechoka na hakuna picha ya "kabla na baada" ya kumwonyesha mtu. Mahali pengi daktari analipwa kwa anachokifanya kwa mikono, na wewe mikono yako itakuwa mfukoni. Si mimi tu ninayesema: Marekani, kwenye mgao wa nafasi za mafunzo wa mwishoni mwa 2022, ni programu 56 tu katika kila 100 za magonjwa ya kuambukiza zilizojaza nafasi zake zote. Tena hapo ndipo tulikuwa tunatoka kwenye COVID, dunia nzima ikiwasifu hao hao madaktari.

Siwadharau. Nawaita kila wiki kwa ajili ya vali za moyo zilizoshikwa na bakteria. Ila penda kitu macho yakiwa wazi.

---

MamaKalcha:

Marahaba wote, hata kama hamjaniamkia.

Niko kwenye kazi hii mwaka wa 26 sasa. NilihamiaMoyo hajasema uongo, na kuhusu ule mstari wa chini nakubaliana naye kabisa. Ndiyo maana siku hizi naandika mstari wa chini kwanza.

Mwanangu ZamuYaUsiku, umeuliza tunajua nini ambacho wengine hawakijui. Nikuambie kwa mfano, maana kwa maelezo ya jumla kila fani inapendeza.

Fundi seremala, miaka thelathini na kitu, aliingia na homa ya kutetemeka. Wiki mbili kabla alijikata kidole na kikapona. Rezidenti wake alikuwa mzuri, alituma kalcha ya damu (damu inayooteshwa maabara kuona kama ina bakteria) kabla ya dawa, chupa zote. Maabara wakapiga simu: bakteria wa Gram chanya, yaani wanaoshika rangi ya zambarau, wako vichala vichala. Rezidenti akaandika kwenye faili "huenda ni uchafu wa ngozi", akaendelea na dawa aliyoianza. Siku ya nne homa imeshuka, mgonjwa anakunja shuka lake, anataka kwenda kazini. Naitwa kwa sababu tu mfamasia amegoma kutoa dawa zaidi bila sahihi yangu.

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, anavaa viatu. Nikaona anavivaa bila kuinama. Anauleta mguu juu kwenye goti, mgongo umenyooka kama ubao. Nikamwambia nigeuzie mgongo. Nikaanza kugonga kwa ubavu wa ngumi, pingili moja moja, kutoka shingoni kushuka. Nilipofika kiunoni aliruka, kiatu kikaanguka. Alikuwa na usaha kando ya pingili mbili. Kalcha tulizorudia asubuhi ile, siku ya nne ya dawa, bado ziliota.

Sasa ubingwa wangu uko wapi hapo? Hauko kwenye jina la dawa. Uko kwenye kujua kwamba stafilokoka yule mkali, Staphylococcus aureus, akionekana kwenye damu, hata kwenye chupa moja, si uchafu mpaka ithibitike vinginevyo. Kwamba homa kushuka si ushahidi kuwa ameondoka. Kwamba kalcha zinarudiwa kila siku moja au mbili hadi ziwe safi, moyo unaangaliwa kwa eko, yaani ultrasound ya moyo, chanzo kinatafutwa na kutolewa, na siku zinahesabiwa kuanzia kalcha ya kwanza safi, si kuanzia sindano ya kwanza. Siku 14 kwa uchache kwa asiye na tatizo lolote, wiki 4 hadi 6 kwa wengine wengi. Na kwamba kama bakteria huyo anasikia dawa za jamii ya penisilini, kumwachia mgonjwa antibaiotiki ya vankomaisini "kwa sababu ni kali" ni kumpa dawa iliyo dhaifu zaidi. Tafiti nyingi, nchi mbalimbali, zimeonyesha wagonjwa wa aina hii hufa wachache zaidi pale bingwa wa maambukizi anapoitwa. Hatuwafanyii kitu cha ajabu. Tunafanya yale mambo matano bila kuruka hata moja.

Mafunzo yenyewe hayafanani kila mahali. Marekani ni miaka 3 ya magonjwa ya ndani kisha 2 ya maambukizi. Uingereza huunganishwa na magonjwa ya ndani au na maikrobaiolojia, na wanafanya mtihani wa wanapatholojia ndani yake, jambo ambalo naliona la busara sana. Siku yako ya kawaida itakuwa hivi: asubuhi unapokea simu za wadi zote, upasuaji, wazazi, wagonjwa mahututi, saratani. Saa nne unashuka maabara. Baada ya hapo raundi, mgonjwa mmoja saa nzima. Alasiri kliniki, na hapo utakuwa na watu wako mwenyewe wanaoishi na VVU ambao utawafuata mwaka hadi mwaka, utawaona wakioa, wakizaa watoto wasio na virusi, wakinenepa na kuanza kulalamika presha kama watu wengine. Hakuna fani ya wadini itakayokupa hilo.

Mnaocheka kwamba hatuna kisu, njooni siku moja mshike mrija.

Hili la mrija niliseme maana ni kosa langu na sitaki ulirudie. Nilikuwa mwaka wa pili wa mafunzo. Kijana mwenye VVU, kichwa kinamuuma wiki mbili, tukashuku fangasi wa kriptokoka kwenye ubongo. Nikaingiza sindano ya uti wa mgongo, ikaingia vizuri mara ya kwanza, nikajisifu moyoni. Mrija wa kupimia presha ulikuwa kabatini, kabati limefungwa, aliye na funguo ametoka zamu. Nikasema si kitu, nitapima kesho. Yale maji hayakudondoka tone tone. Yalitoka kwa mshipa mmoja mwembamba, yakajaza chupa zangu tatu kwa muda mfupi kuliko ninavyoandika sentensi hii. Mimi nikaandika kwenye faili: "maji safi, hakuna shida". Nikachomoa.

Siku ya pili yake jioni akaniuliza kwa nini tumezima taa.

Tulipopima, maji yalipanda ule mrija hadi ncha, yakamwagika juu. Presha ikizidi sentimita 25 za mrija unatakiwa utoe maji mpaka ishuke, na urudie kesho, na keshokutwa, hata kila siku. Uhai wake tuliuokoa, macho hatukuyaokoa. Alikuwa akija kliniki ameshikwa mkono na dada yake, na kila akinisikia sauti aliniamkia kwa furaha, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko kama angenitukana. Tangu hapo mrija mmoja unakaa kwenye mkoba wangu. Wanafunzi wangu wanafikiri ni mbwembwe.

Matibabu yenyewe yamebadilika. Enzi zangu ilikuwa amfoterisini, dawa ya fangasi, kila siku kwa siku 14 huku tukiangalia figo zikienda. Tangu 2022 WHO inapendekeza dozi moja kubwa ya ile iliyofungwa kwenye mafuta, miligramu 10 kwa kila kilo, pamoja na flusitosini na flukonazoli siku 14. Na usikimbilie kuanza ARV siku hiyo hiyo kwa huruma, subiri wiki 4 hadi 6. Ila mrija haujabadilika.

---

HadubiniYangu:

Mimi si daktari, niko upande wa maabara, maikrobaiolojia. Ruksa nichangie?

ZamuYaUsiku, ukitaka kujua kama utaiweza fani hii, jiangalie unavyojaza fomu. Asilimia kubwa ya fomu ninazopokea zimeandikwa neno moja: "homa". Sawa, na mimi nikujibu neno moja? Ukiniandikia "fundi seremala, homa ya kutetemeka, mgongo unauma" naweza kuiacha sahani ya kuoteshea bakteria muda mrefu zaidi, naweza kukupigia simu hata kabla ya jibu kamili. Ukishuku brusela na usiniambie, unanihatarisha mimi: huyo ni bakteria anayeambukiza watu wa maabara kwa hewa tu, sahani ikifunguliwa mezani.

Jingine ni damu yenyewe. Chupa ya mtu mzima inataka mililita 8 hadi 10. Naletewa yenye 2, imepakwa damu hadi kwenye lebo, halafu nalaumiwa kwamba "maabara yenu haioteshi kitu". Kwenye damu ya mtu mzima bakteria wanaweza kuwa wachache sana, mmoja katika mililita nzima. Ukileta mililita 2 unacheza bahati nasibu.

Nimewaona wanaofunzwa kuwa mabingwa wakipita hapa miaka mingi. Kuna wa aina mbili. Wa kwanza anapiga simu, "jibu tayari?" Wa pili anashuka. Mmoja alikuwa akishuka kila siku saa sita, anakaa pembeni yangu. Siku ya kwanza nilimpa slaidi, akaangalia, akasema anaona madoa ya zambarau. Nikamwambia yaangalie yamekaaje. Akanyamaza. "Kama vichala vya zabibu." Ndivyo hasa alivyoona yule daktari mpasuaji wa Scotland, Alexander Ogston, kwenye usaha wa majipu miaka ya 1880, na ndiyo asili ya jina stafilokoka, neno la Kigiriki la kichala cha zabibu. Kisha nikamwonyesha kipimo cha plazma, ile sehemu ya maji ya damu: unamchanganya bakteria na plazma kwenye tyubu, unasubiri saa chache, unaiinamisha. Ikiganda kama jeli, huyo ndiye yule mkali anayemsema MamaKalcha. Ikibaki maji, huenda kweli ni uchafu wa ngozi. Yule kijana aliinamisha tyubu mwenyewe, ikabaki imeganda, akaondoka mbio bila kuaga. Nilimsamehe.

Leo ni bingwa. Bado anajaza fomu mistari mitano.

---

DiraYaDawa:

Mfamasia hapa. Namshukuru MamaKalcha kwa kumtaja mfamasia aliyegoma, ni mara chache tunatajwa kwa wema.

Niongeze sehemu ambayo haifundishwi vya kutosha: kuacha dawa mbele ya mtu anayeogopa kuiacha. Usugu wa vimelea si hadithi. Makadirio ya dunia ya 2019 yalikuwa vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu. WHO tangu 2017 imezigawa antibaiotiki makundi matatu: za kutumia kwa kawaida, za kutazamwa kwa makini, na za akiba. Kuyajua makundi hayo ni kazi ya jioni moja. Kazi ngumu ni kumwambia daktari mpasuaji mwenye mvi kwamba meropenemu yake, antibaiotiki kali ya sindano, ya siku ya 19 haina kazi tena.

Nimewahi kuwaona wawili wanaofunzwa wakilifanya hilo wiki moja. Wa kwanza aliingia na makala mkononi, akasema, "Dawa hii haihitajiki." Alitolewa wadini. Dawa iliendelea hadi siku ya 24, nadhani kwa hasira tu. Wa pili alikwenda kitandani kwanza, akafunua kidonda, akakitazama pamoja na yule mpasuaji, akamuuliza: "Daktari, ukiona nini kesho utaridhika tuiache?" Mzee akafikiri, akataja vitu viwili. Kesho yake vyote viwili vilikuwepo. Akaiacha mwenyewe, na akajiona yeye ndiye aliyeamua.

Na ushahidi upo wa kutosha sasa. Utafiti wa BALANCE uliotoka mwishoni mwa 2024 ulilinganisha siku 7 na siku 14 za dawa kwa watu zaidi ya 3,600 wenye bakteria kwenye damu. Vifo ndani ya siku 90 vilikuwa asilimia 14.5 kwa wa siku 7 na 16.1 kwa wa siku 14, kwa hiyo wiki moja haikuwa mbaya kuliko mbili. Lakini yule stafilokoka mkali hakuhusishwa, msije mkaniletea matatizo.

---

ZamuYaUsiku:

Shikamoo MamaKalcha. Nimesoma habari ya mrija mara tatu. Leo nimeenda kuangalia wa kwetu uko wapi. Uko kabatini. Limefungwa.

Ahsanteni wote, hata wewe wa moyo, nimekusikia. Lile la mama yangu bado halijajibiwa, na kila Jumapili ananipigia simu kuulizia.

---

MamaKalcha:

Marahaba mwanangu. Hilo la mama nililiacha makusudi kwa sababu linataka jibu la kweli.

Usimwambie hakuna hatari. Wapo wenzetu waliokufa, tena wale bora. Dokta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, Uganda, aliona wanafunzi wa uuguzi wanakufa mfululizo mwaka 2000, akakaa na vitabu usiku, akatambua kwamba huenda ni Ebola na kupiga kengele mapema. Aliiongoza wadi ya Ebola mwenyewe, Ebola ikamchukua Desemba 5 mwaka huo huo. Carlo Urbani, Mwitaliano, alikuwa Hanoi 2003 alipoitwa kumwona mgonjwa wa nimonia isiyoeleweka. Yeye ndiye aliyeiamsha dunia kuhusu SARS, na SARS hiyo hiyo ikamuua mwezi uliofuata. Ukiingia fani hii majina haya utayajua, hata kama hayaulizwi kwenye mtihani.

Lakini mweleze pia hatari yako ya kila siku inatoka wapi. Si Ebola. Ni mgonjwa wa kifua kikuu ambaye bado hajajulikana, anayekohoa wadi ya kawaida ya magonjwa ya ndani, pale pale ulipo sasa hivi bila barakoa inayobana. Ni sindano unayoichoma kidoleni saa kumi usiku kwa usingizi. Daktari wa moyo, wa figo, wa kamera, wote wanakutana na hayo, tofauti ni kwamba wewe utafundishwa kuyaona yanakuja. Chanjo ya homa ya ini B, umemaliza dozi zote? Wengi wanaishia ya pili. Ukichomwa na sindano yenye damu, dawa za kinga zianze haraka, saa za kwanza, isipite saa 72, na zimezwe siku 28 kamili. Mimi nimezimeza mara mbili. Zilinichafua tumbo, basi. Mama yangu naye aliogopa, mwisho akawa anamwambia kila mtu kanisani anawe mikono.

Kuhusu wapi pa kusomea sitakutajia jina, ila ukienda kwenye usaili waulize wewe. Maabara iko jengo hili hili, au sampuli zinasafiri? Nitakuwa na kliniki yangu ya VVU mwaka mzima, au nitazungushwa wiki mbili mbili? Nani ananisikiliza nikisema dawa iachwe? Wakijibu la kwanza kwa kusitasita, ondoka. Diploma za tiba ya kitropiki za London na Liverpool, za miezi mitatu hivi, ni nzuri, na ile kozi ya Gorgas kule Lima ya wiki 9 inasifiwa kwa sababu wanakukalisha kando ya kitanda. Ila hizo ni nyongeza. Wiki 9 hazikufanyi kuwa mtu wa kwenye stuli.

---

NilihamiaMoyo:

Hili la sindano nakubali. Mimi dozi ya tatu ya homa ya ini sikumbuki kama nilichoma. Naenda kuangalia kadi.

---

ZamuYaUsiku:

Wakuu, samahani natoka nje ya mada kidogo. Nina mgonjwa mezani sasa hivi na nimekumbuka ya hapa. Dada wa miaka 29, homa siku 12. Malaria hasi mara mbili, VVU hasi, picha ya kifua safi. Yuko siku ya nne ya antibaiotiki ya seftriaksoni, homa imepungua ila jioni inarudi. Kalcha mbili hazijaota kitu. Mkubwa wangu anasema tupandishe, tumwanzishie meropenemu kesho. Sina hakika. Mngefanya nini?

---

HadubiniYangu:

Chupa zilikuwa na mililita ngapi?

---

MamaKalcha:

Na zilichukuliwa kabla ya seftriaksoni au baada? Anafanya kazi gani? Kuna jino lolote limemsumbua miezi hii mitatu? Moyo umeusikiliza mwenyewe, kwa utulivu, redio ya wadi ikiwa imezimwa? Kucha umeziangalia kwenye mwanga? Soksi umemvua?

---

ZamuYaUsiku:

Baada ya dawa. Mililita sijui. Jino sijauliza. Kazi imeandikwa "mfanyakazi".

Soksi hapana, alisema anasikia baridi. Ngoja nirudi wadini.